Mume wangu haamini ushirika, hata wa umeme

Shangazi,

Mimi na mume wangu tunaishi North Dakota, nje ya mji, huu ni mwaka wa tatu. Tumepanga nyumba ya tela. Umeme wetu hautoki kwenye kampuni, unatoka kwenye chama cha ushirika, na kwa kuwa mita iko kwa jina langu, barua zao zinaniita mwanachama. Sikumbuki kuomba uanachama wowote, mimi nilitaka taa tu.

Januari bili ilikuja dola 412. Nilidhani wamekosea nyumba. Tela lina tanuru la gesi ya propani, lakini tuliambiwa gesi ni ghali, kwa hiyo tunawasha hita mbili za umeme, moja sebuleni na moja chumba cha watoto, usiku na mchana. Yuniti ni senti 12. Halafu kuna dola 38 za kila mwezi ambazo utumie usitumie unalipa. Tulisafiri wiki tatu, tuliporudi zilikuwa zinatusubiri. Nyumbani Tanzania umeme ni wa kulipia kabla: LUKU ikiisha ni giza, ukinunua ni mwanga, hakuna anayekudai.

Juzi wameniandikia kwamba nina mtaji wa dola 61 ndani ya chama, ila sipewi sasa. Tena tunaalikwa mkutano mkuu wa mwaka, kuna kupiga kura na chakula cha jioni. Mume wangu aliitupa barua kwenye taka. Baba yake alilima tumbaku Tabora. Anasema ushirika anaujua, mkulima anakopwa na viongozi wanajenga. Isitoshe sisi si raia, anasema tukithubutu kupiga kura tutarudishwa. Jirani yetu, mzee wa huku huku, anaapa kwamba bila ushirika umeme usingelipika. Nimwamini nani? Na bili niishushe vipi kabla baridi haijarudi?

Mama wa watoto wawili, North Dakota

*

Mwanangu,

Nianze na kura, kwa sababu ndilo jambo ambalo mkilikosea mnaweza kujutia. Mumeo ana haki ya kuogopa. Asiye raia akipiga kura kumchagua rais au mbunge wa Marekani ametenda kosa la jinai, na makaratasi yake ya kuishi nchini yanaweza kuharibika moja kwa moja. Lakini uchaguzi wa chama cha umeme si uchaguzi wa serikali. Ni wanachama wanachagua bodi yao, kama mnavyochagua bodi ya SACCOS. Kwa kawaida masharti ya vyama hivi yanasema mwanachama ni yeyote aliyeomba huduma, akakubali masharti na kununua umeme, uraia haumo. Kila mwanachama ana kura moja, awe na tela au awe na shamba la ekari 5,000 na maghala ya nafaka. Mume na mke wakiwa na uanachama wa pamoja, kura yao ni moja.

Ili mumeo alale usingizi, piga simu ofisi ya chama, waombe nakala ya masharti, na msome pamoja kipengele cha uanachama. Sikumbuki kuomba, unasema. Ukitazama fomu uliyosaini siku ya kufungua akaunti utakuta maombi ya uanachama yako pale pale. Jambo moja tu: ukumbini akija mtu na fomu ya kujiandikisha kuwa mpiga kura wa jimbo au wa taifa, usijaze. Hiyo ndiyo ile anayoiogopa mumeo.

Sasa hizo dola 38. Ndizo zinazowakera wengi, na ndizo zinazoeleza ushirika wenyewe ulitoka wapi.

Katikati ya miaka ya 1930, nyumba 9 kati ya 10 za wakulima wa Marekani hazikuwa na umeme, wakati mijini watu walishazoea redio na friji. Makampuni ya umeme yalipiga hesabu: kusimamisha nguzo maili nzima ili ufikie nyumba mbili tatu, faida iko wapi? Wakulima wengine waliambiwa walipie wenyewe gharama ya laini kabla ya kuwashiwa taa. Rais Franklin Roosevelt mwenyewe alikuwa na nyumba Warm Springs, Georgia, na alisimulia hadharani mwaka 1938 kwamba bili ya kwanza ya kule ilimshtua: senti 18 kwa yuniti, kama mara nne ya alichokuwa akilipa nyumbani kwake Hyde Park, New York. Kufikia hapo alikwisha unda wakala wa umeme vijijini, REA (ndiyo, herufi zile zile za REA yetu ya Tanzania), Mei 1935, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kumkopesha fedha za riba nafuu mtu yeyote aliyekuwa tayari kupeleka umeme shambani. Makampuni mengi hayakuona faida ya kwenda. Waliokwenda ni wakulima wenyewe: walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya dola 5 za kiingilio, wakasajili vyama, wakakopa, wakachimba mashimo ya nguzo. Vyama hivyo leo ni karibu 900, vinahudumia watu kama milioni 42, na laini zao zimefunika zaidi ya nusu ya ardhi ya nchi.

Lakini jiografia haikubadilika. Chama cha ushirika kina wastani wa wateja 8 kwa kila maili ya waya. Kampuni ya wanahisa ina zaidi ya 30. Nguzo ikiangushwa na barafu, gharama ya kuisimamisha mjini wanaigawana thelathini na kitu, kwenu mnaigawana wanane. Dola 38 ndiyo hiyo: nguzo, waya, transfoma, mita, na fundi anayetoka usiku wa manane upepo ukivuma. Nguzo haijui kama mmesafiri. Kwa hiyo usihangaike kuitafutia ada hiyo ujanja. Haishuki kwa kuzima taa. Ila ikipandishwa, bodi ndiyo inayopandisha, na bodi ni ya kuchaguliwa.

Hapo unaweza kuuliza, kama kila kitu kinagawanywa na wachache, mbona basi umeme haujawa wa bei ya kuua? Kwanza hakuna mwenye hisa wa nje anayesubiri chake. Wasimamizi wa bei kwa kawaida huyaruhusu makampuni ya umeme ya Marekani kupata faida ya asilimia 9 hadi 10 hivi kwenye mtaji wa wenye hisa, na faida hiyo imo ndani ya bili ya mteja. Chama chenu kinatengeneza ziada kidogo tu, maana wakopeshaji wanaidai, na ziada hiyo ni yenu. Pili, mikopo ya serikali ya riba nafuu kwa ajili ya nguzo na waya bado ipo hadi leo. Tatu, vyama vidogo vimeungana kumiliki vyama vikubwa vya kufua umeme, kama Minnkota kule Grand Forks na Basin Electric kule Bismarck, vikajenga mitambo ambayo kijiji kimoja kisingeiota. Na nne, hili watu wa kwenu wanalifaidi kimya kimya: sheria za Marekani zinavipa vyama vya ushirika na mashirika ya umma kipaumbele cha kununua umeme wa mabwawa ya serikali kuu, likiwemo bwawa la Garrison juu ya mto Missouri, hapo hapo jimboni kwenu. Umeme wa maji uliojengwa zamani na kulipiwa zamani ni mwepesi mfukoni.

Jirani yako anasema kweli, basi, ila amevuka mpaka kidogo. Ushirika unaondoa faida ya mtu wa kati, hauondoi gharama. Mumeo ni wa Tabora, mkumbushe Urambo. Mwaka 1993 wakazi wa pale walisajili chama cha ushirika cha watumiaji umeme, wakawa wanafua umeme kwa jenereta za dizeli, saa chache za jioni. Kilikuwa chao, kura ilikuwa yao, na bado yuniti yao ilikuwa ghali kuliko ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwa mbali, kwa sababu dizeli ni dizeli. Walilipa kwa kuwa kibatari na mafuta ya taa vilikuwa shida zaidi. Ukitaka kujua chama chenu kitakuwa nafuu au ghali miaka kumi ijayo, tazama kinanunua umeme wapi na kwa mkataba gani, maana kwa chama cha usambazaji ununuzi wa umeme kwa kawaida ndio zaidi ya nusu ya matumizi yote.

Tuje kwenye dola 61. Si kiini macho. Kila mwisho wa mwaka ziada ya chama inagawanywa kwenye vitabu kwa kila mwanachama kulingana na umeme alionunua. Aliyetumia zaidi anaandikiwa zaidi. Fedha yenyewe inabaki chamani, inanunua nguzo na malori badala ya kukopa benki, na baada ya miaka, mara nyingi kati ya 10 na 30, bodi ikiona hali inaruhusu, inaanza kurudisha za mwaka wa zamani zaidi. Unapata hundi au bili inapunguzwa. Najua miaka 20 kwa mpangaji wa tela ni kama kuambiwa usubiri ng'ombe wa mahari ya mjukuu. Lakini ni haki yako na inakufuata. Mkihama, hata mkihamia Texas au mkirudi Tabora, waachieni anwani. Kila mwaka vyama vinakuwa na orodha za fedha ambazo wenyewe hawajulikani walipo, na wahamiaji tunajaa humo. Mwanachama akifariki, warithi wanaweza kuomba. Vyama vingi vinawalipa mapema bila kusubiri zamu. Na jambo la kuangalia kwa mpangaji: haki hii ni ya mwenye jina kwenye akaunti. Kama mita ingekuwa kwa jina la mwenye tela, wewe ungelipa bili na mtaji ungeandikwa wake.

Ukiona pia kwenye bili yako senti zinazoongezwa ili iwe dola kamili, huo ni mchango. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1989 na chama kimoja cha South Carolina kiitwacho Palmetto, ukaenea nchi nzima. Kwa mwaka mzima ni kama dola 6, na unasaidia watu waliokwama hapo hapo kijijini. Hutaki, waambie wakutoe.

Mumeo. Simlaumu. Aliyeona pamba au tumbaku ya mzazi wake ikichukuliwa kwa karatasi, na karatasi ikakaa kabatini hadi ikageuka rangi, huwezi kumwambia neno ushirika akatabasamu. Na wala asidhani Wamarekani wana damu tofauti. Texas kuna chama cha Pedernales, kikubwa kuliko vyama vyote vya usambazaji umeme nchini. Kwa miaka mingi bodi yake ilikuwa kama inajichagua yenyewe, mwanachama wa kawaida hakuwa na njia ya kupenyeza jina. Wanachama walipokwenda mahakamani mwaka 2007, yakafumuka mambo ya matumizi ya anasa na malipo ya siri, na meneja wake wa zamani akapatikana na hatia ya jinai mwaka 2010. Kilichobadilika baada ya kesi ni kwamba uchaguzi ulifunguliwa, wagombea wakajitokeza kwa wingi, vikao na vitabu vikawa wazi. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa ule ule wa Tabora. Tofauti ni kwamba wenye chama walikuwa na karatasi ya kuwashtaki nayo, wakaitumia.

Kwenye vyama vingi wanaopiga kura hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Mkutano unakwisha, nyama inaliwa, mtu anashinda jokofu la bahati nasibu, na wajumbe wale wale wanarudi kwenye viti. Kwa hiyo mumeo kutupa barua ni kumpa mjumbe asiyemwamini miaka mingine mitatu. Mpeleke. Akaulize maswali mawili kwa Kiingereza chochote alicho nacho: mkataba wetu wa kununua umeme unakwisha lini, na ziada ya mwaka gani ndiyo inayorudishwa sasa? Si maswali ya bure. Kule Taos, New Mexico, chama cha Kit Carson kiliona mkataba wake wa umeme wa jumla unakibana, mwaka 2016 kikajitoa kwa gharama ya dola milioni 37, kikaanza kununua kwingine na kujaza paneli za jua. Uamuzi wa namna hiyo unafanywa na watu wachache mezani, na ndio wanaochaguliwa siku ya chakula cha jioni.

Sasa bili yako ya dola 412. Toa 38, zinabaki 374. Kwa senti 12, hizo ni yuniti kama 3,100. Hita ya kawaida ya kuchomeka ukutani inakula wati 1,500, yaani yuniti moja na nusu kwa saa. Ikiwaka saa 24 kwa siku 31, na kwa baridi ya Januari ya kwenu haipati nafasi ya kupumzika, ni yuniti 1,116, karibu dola 134. Mbili ni dola 268. Mwizi wako umempata, tena yumo chumbani kwa watoto.

Na aliyewaambia gesi ni ghali, alipiga hesabu? Galoni moja ya propani, hata kwenye tanuru la zamani linalopoteza sehemu ya joto, inawapa joto sawa na yuniti kama 21 za umeme. Yuniti 21 kwa senti 12 ni dola 2 na senti 52. Chukua risiti ya mwisho ya gesi: kama galoni ilikuwa chini ya hapo, tanuru ni nafuu kuliko hita. Kama ilikuwa dola 2, joto lile la Januari lingewagharimu kama dola 212 badala ya 268. Si utajiri, lakini pia hamtalala na hita mbili kwenye tela. Kama lazima uwashe moja, ichomeke ukutani moja kwa moja, kamwe usitumie waya wa kuunganishia. Tela likishika moto halikupi muda.

Kuna njia ya tatu, na hapa ndipo umiliki unapogeuka pesa. Chama chenu hakinunui umeme kwa yuniti tu. Kinatozwa pia kwa kutazama saa ambazo wanachama wote kwa pamoja wanavuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Jioni moja ya baridi kali, kila mtu karudi kazini, jiko linawaka, maji ya kuoga yanachemka, saa ile moja inaweza kupandisha gharama ya mwezi mzima. Ndiyo maana vyama vya North Dakota na Minnesota vina mipango ya umeme wa nje ya kilele: unawekewa mita ya pili na kidude cha kupokea ishara, hita kubwa ya umeme inazimwa na chama saa za kilele, tanuru la gesi linapokea zamu, saa zikipita umeme unarudi. Kwa kukubali hivyo unauziwa yuniti za kupashia nyumba kwa bei ya chini sana, pengine karibu nusu. Ninyi mna tanuru la gesi tayari, ambalo ndilo sharti gumu. Kinachokosekana ni mwenye tela kukubali kufunga hita inayofaa, na vyama vingi vinamrudishia sehemu ya gharama. Waulize pia kuhusu tangi la maji ya moto: likidhibitiwa kwa mtindo huo, maji yanabaki moto kwa saa kadhaa na wewe unakatiwa dola chache kila mwezi. Akikataa mwenye tela, bado jioni, tuseme saa 11 hadi saa 3 usiku, usiwashe kikausha nguo. Chama kikilipa kidogo, bei haina sababu ya kupanda.

Vitu viwili vidogo ambavyo mtu wa pwani au wa Tabora hawezi kuvijua mpaka aambiwe. Gari la mumeo linachomekwa usiku ili injini isigande? Kipasha injini cha wati 750 kikiwaka saa 12 ni yuniti 9, zaidi ya dola moja kila usiku. Nunua saa ya kujiwasha yenyewe, ya nje, iwashe saa tatu tu kabla hajaondoka: senti 27. Pili, chungulia chini ya tela. Bomba la maji limezungushiwa waya wa kupasha ili lisipasuke. Nyaya za zamani hazina kidhibiti joto, zinakula umeme hata Julai. Mwambie mwenye tela aweke wenye kidhibiti, na sketi ya tela, ule ukuta unaozunguka chini yake, izibwe matundu.

Kuziba upepo kwa kweli kunalipa kuliko vyote, na hapo tena vyama vingine vimepiga hatua. Ouachita Electric cha Arkansas kinalipia chenyewe kazi ya kuziba na kuweka pamba za kuhifadhi joto, mwanachama analipa kidogo kidogo ndani ya bili, na deni linabaki na nyumba, kwa hiyo hata mpangaji anafaidika. Mwaka 2019 chama hicho kiliomba ruhusa ya kushusha bei kwa asilimia 4.5. Waulize wa kwenu kama wana mpango wa namna hiyo. Wakisema hawana, una swali la tatu la mkutano.

Msisubiri Januari kuomba msaada wa LIHEAP, fedha za serikali kuu za kulipia joto. Piga 211, watakuelekeza ofisi. Maombi ya msimu huanza Oktoba, na kinachotazamwa ni kipato, idadi ya watu nyumbani, na kwa msio raia, aina ya kibali chenu cha kuishi nchini. Omba pia bili ya wastani, ambapo mwaka mzima unalipa kiasi kinachokaribiana, ili Januari isikuangushe. Hiyo haipunguzi hata senti moja, inasambaza tu, lakini kwa mwenye mshahara wa wiki mbili mbili ni nafuu kubwa. Na kama kweli umeikumbuka LUKU, vyama kadhaa vya Marekani vina mita za kulipia kabla, uliza.

La mwisho halikuwemo kwenye barua yako, lakini naandikiwa kila majira ya baridi. Mtu anapiga simu, sauti ya haraka, anasema ni wa idara ya umeme, mtakatiwa ndani ya saa moja msipolipa kwa kadi za zawadi za dukani. Chama hakilipwi kwa kadi za zawadi. Kata simu, kisha piga wewe namba iliyochapishwa kwenye bili yako.

Shangazi